Mfagizi wa Kalibu

1

Kabla hujaketi vizuri, nikuambie jambo moja: mimi ni muongo, na ushahidi upo. Niliwahi kuchora lifti ya mbuzi kwenye mchoro wa mji wetu, mzaha tu wa Ijumaa baada ya chakula, na Jumatatu mbuzi walikuwa wanapanda na kushuka ghorofa ishirini na moja wakiwa na nyuso za watu wenye miadi. Walipanda miaka miwili. Mmoja alijifunza kusubiri zamu yake na kuwapisha wajawazito. Hapo nimetia chumvi kidogo. Haya yanayofuata sikuyatia chumvi, na ndiyo maana yananipa tabu kuyasimulia.

Asubuhi hiyo nilikuwa mlangoni kwangu, ghorofa ya kumi na saba ya Kyamulinga, natafuna punje za kahawa na kuwasema wapita njia. Akaja Kemilembe, mkuu wa chumba cha michoro. Nilimfundisha kazi akiwa na miaka ishirini na mbili. Sasa ana mvi tatu na funguo nyingi.

"Shikamoo, Ta." Huku kwetu mzee wa kiume ni Ta, hata kama hana akili.

"Marahaba. Sema unachotaka, maana mkungu wa ndizi sijauona."

"Mchoro Mama umevimba. Jana bawaba ya mlango wa shule imemchukua Mhunzi siku tatu."

"Mlisheni uji."

"Ta, sitanii. Njoo ufagie. Waliobaki pale hawajui kulitambua umbo lililofumuliwa hata likiwakanyaga mguu."

Hapo sina budi kueleza kidogo. Mji wetu umechimbwa ndani ya jabali, na kila kilichomo, kuanzia kitasa mpaka meno ya bandia ya Askofu, kimechorwa kwenye faili moja tunaloliita Mchoro Mama. Chini kabisa, kwenye joto, yuko Mhunzi, mashine yenye ukubwa wa kanisa. Kila alfajiri Mhunzi anausoma mchoro karatasi kwa karatasi. Kilichochorwa na hakipo, anakifua na kukiweka. Kilichochakaa, anakifua upya. Kilichofutwa, anatuma mikono yake ikakibomoe, na haulizi mara mbili.

Lakini Mhunzi mwenyewe hajui kutengeneza hata msumari. Anasoma kwenye kalibu. Pembeni mwa Mchoro Mama kuna ghala, na ghalani kuna kalibu ya kila kitu. Mchoraji anaivuta kalibu ya bomba mpaka kwenye karatasi, linazaliwa umbo la bomba, na umbo hilo linamjua mama yake. Maumbo elfu, kalibu moja. Ukifuta maumbo yote elfu, kalibu inabaki ghalani, haina mtoto, inakula nafasi. Vizazi vitano vya wachoraji wameingiza humo kalibu walizozijaribu mara moja wakaziacha. Mchoro unakuwa mzito mpaka Mhunzi anahema.

Na nakala haziruhusiwi. Zamani fundi mmoja alitengeneza lango la maji kwa kalibu ya nakala yake ya kale, ghorofa ya pili na ya tatu zikajaa maji hadi dari. Tangu hapo faili ni moja tu. Kalibu ikifagiwa, imekwenda. Hakuna wa kumpigia magoti.

"Lini?" nikamuuliza Kemilembe.

"Kuanzia Jumamosi hii, saa sita mchana, ghala litakuwa linajifagia lenyewe kila wiki. Kila kalibu yenye hesabu sifuri inatoka. Tuna siku nne za kukagua."

Nikatema kahawa, nikaenda kutafuta miwani.

2

Kalibu zenye sifuri zilikuwa elfu nne mia moja na kumi na nane. Kulikuwa na kalibu ya kiti cha kinyozi chenye miguu mitano. Ya kengele ya kuamsha kuku. Kumi na tisa zilikuwa zangu, na sitazitaja.

Kazi ya mfagizi si kufuta. Kufuta hata mjinga anaweza. Kazi ni kujua sifuri ipi inasema kweli. Maana wachoraji wa Kyamulinga tuna ugonjwa wetu. Ukitaka kupinda kona ya umbo, umbo linakataa, kwa sababu linamtii mama yake. Basi unalifumua, kama fundi nguo anavyofumua mshono. Likishafumuka ni mistari mitupu. Unaipinda utakavyo, inapendeza, unakwenda kunywa chai. Ila umbo hilo halimjui mama tena, na ghala halilihesabu. Kitu kipo, kinafanya kazi, mtu anakitumia, na kwenye orodha kinasomeka sifuri. Mhunzi hashtuki mpaka siku kitu hicho kichakae. Siku hiyo anakwenda ghalani kutafuta kalibu kwa jina.

Mke wangu, Kokwijuka, alikuwa na kichujio cha figo ubavuni. Kila miezi sita Mhunzi alimfulia kipya. Miaka kumi na miwili iliyopita mkuu wa michoro alikuwa Mutasingwa, mhandisi mwenye suti, aliyetoka juu kwenye mji wa vioo na kutukuta sisi tukichora kwa kubahatisha. Aliamuru ghala lifagiwe kwa hesabu. Mimi nikakagua kwa macho, nikapata kalibu saba ambazo sifuri yake ilikuwa ya uongo, kichujio kikiwemo. Nikampelekea orodha ya kushikilia, ya kalibu zisizopaswa kufagiwa, jina kwa jina, na sahihi yangu chini.

Aliisoma mbele ya ofisi nzima. "Ta Kaijage," akasema, "na hii nayo ina mbuzi?" Watu wakacheka mpaka wakashika meza. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo, kwa mazoea. Akaiweka orodha chini ya kikombe chake.

Kalibu zikafagiwa. Kichujio kilipochakaa, Mhunzi alijibu maneno mawili: *Kalibu haipo.* Nilikaa mbele ya kioo cha kuchorea siku kumi na saba nikijaribu kukichora kichujio kwa kumbukumbu, nikimwonyesha Kokwijuka, naye akisema, "Kile kilikuwa na mdomo mwembamba zaidi, baba." Siku ya kumi na nane hakusema.

Tume ikaundwa. Ripoti akaiandika Mutasingwa mwenyewe. Ilisema *kosa la mchoraji,* bila jina, kisha ikapendekeza orodha za kushikilia zifutwe kabisa, kwa kuwa zinategemea neno la mtu. Tangu siku hiyo sheria ikawa hivi: kalibu haiokolewi kwa maneno, inaokolewa kwa kuwa na umbo hai kwenye karatasi, basi.

Tulifagia siku mbili, mimi na Kemilembe. Tulipopata kitu kilichofumuliwa, tulikifuta na kuvuta kipya kutoka kwenye kalibu. Kesho yake Mhunzi alibomoa mlango wa mtu na kumwekea mwingine uleule, na mtu alitoka kutukana. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Kemilembe akasoma:

"Vali ya moyo, aina ya kumi na moja. Sifuri. Ta, hii nayo haina mtu?"

Nikatafuta karatasi kwa karatasi. Ilikuwapo moja, mji mzima. Imefumuliwa. Mwenye vali mwenyewe ndiye aliyelifumua umbo ili achonge kwenye ukingo wa vali, kwa herufi ambazo hata daktari hazioni, *Mhandisi*. Niliujua mkono ule. Karatasi iliandikwa jina la mwenye kifua: Mutasingwa Lugakingira. Kufuliwa upya: tarehe tisa ya mwezi ujao.

Kama umewahi kukuta adui yako amesinzia ukingoni mwa shimo, unajua jinsi mikono inavyopata baridi na moyo unavyopata joto kwa wakati mmoja.

"Acha hiyo," nikamwambia Kemilembe. "Nitaitazama baada ya chakula."

3

Mutasingwa alikuwa kwa kinyozi, ghorofa ya tisa, shuka shingoni, povu masikioni. Alikuwa amestaafu kama mimi, ila yeye alistaafu na kitambi.

"Ohoo, Ta Kaijage! Mbuzi hawajambo?"

"Wanakusalimia. Wanauliza kama bado unavaa suti bafuni."

Kinyozi akacheka, wembe ukatetemeka. Nikaketi kwenye benchi. Nilikwenda pale kumtazama tu, nakwambia kweli, kama mtu anavyotazama kuku wa Krismasi. Lakini mdomo ukanitoka.

"Ile orodha ya saba. Uliwahi kuisoma tena?"

Mutasingwa akamwashiria kinyozi atupishe, na kinyozi akatoka na wembe wake.

"Niliisoma jioni ileile aliyofariki mkeo," akasema. "Ilikuwa bado ina duara la kikombe."

"Na ukalala?"

"Ta, jiweke kwenye kiti changu. Mwaka ule uliniletea ombi la bafu la popo, na ramani ya mgodi wa asali. Ukaniletea mtambo wa kukausha machozi, na sahihi chini. Ya nne ndiyo ile orodha. Ungekuwa mimi ungemwamini nani?"

"Ningekwenda kutazama karatasi. Saba tu. Kazi ya nusu saa."

"Ndiyo," akasema. "Kazi ya nusu saa. Hilo silikatai."

Akajifuta sikio kwa kona ya shuka, akanitazama kupitia kioo cha kinyozi, si uso kwa uso.

"Na aliyefumua kichujio?"

Nikaanza kusoma bei za kunyoa ukutani.

"Mchoro unakumbuka kila mkono, Ta. Nilipoandika ripoti nililiona jina. Nililitoa."

Sasa nikuambie na wewe, maana nimekaa nalo vya kutosha. Kokwijuka alilalamika kichujio kinamchoma akilala ubavu wa kushoto. Mume mchoraji, mjuaji, nikafungua karatasi yake, nikafumua umbo, nikalainisha ile kona. Nikaenda kunywa chai. Akalala vizuri miezi minne. Mimi ndiye niliyeifanya kalibu yake isomeke sifuri, na nilipoiona sifuri ile kwenye orodha nilijua imetoka wapi, nikaliandika jina la kichujio liwe la kwanza kati ya yale saba, na sikumwambia mtu kwa nini.

"Ulinihurumia?" nikamuuliza.

"Ulikuwa umefiwa."

Ungedhani hapo ningelainika. Wapi! Nilimchukia maradufu. Mtu akikuumiza ni jambo moja. Akikuumiza kisha akakusitiri, amekushika shingo, na kila ukimsalimia barabarani unamsalimia mwenye siri yako. Nikasimama.

"Nyoa vizuri," nikamwambia. "Hujui ni lini watu watakutazama kwa makini."

4

Ijumaa alasiri tulibakiza moja.

"Vali," akasema Kemilembe. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. Chini ya jina kulikuwa na nafasi ya sababu, na chini ya sababu nafasi mbili za sahihi, ya mfagizi na ya mkuu wa chumba. "Umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Niandike nini?"

Neno lenyewe lilikuwa fupi. *Haitumiki.* Ndilo aliloandika Mutasingwa kwenye kichujio. Hakuna ambaye angenishika. Hesabu ni sifuri, na sheria ni yake mwenyewe. Tarehe tisa Mhunzi angekwenda ghalani, angerudi mikono mitupu, na mtu yule angekaa kitandani akihesabu pumzi zake huku akilijua jibu neno kwa neno.

"Andika haitumiki," nikasema.

Akaandika. Hakufungua karatasi yoyote. Hakuuliza. Akatia sahihi yake, *Kemilembe B.*, kwa mwandiko mzuri wa mviringo niliomfundisha mwenyewe, kisha akanisogezea kioo. "Zamu yako, Ta. Halafu nikakupikie senene, umefanya kazi ya watu kumi."

Alinicheka Mutasingwa kwa sababu hakuniamini. Huyu ananiamini, na kwa imani hiyohiyo anaua mtu, na jina lake limetangulia juu ya langu. Mchoro unakumbuka kila mkono. Siku moja angefungua karatasi ile, angeona maiti chini ya sahihi yake ya mviringo, na asingekuwa na mkuu wa kulitoa jina lake.

Usinisifu. Hilo lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni ya kihuni: niliona kwamba Mutasingwa akifa tarehe kumi, tarehe kumi na moja hatajua chochote. Mimi ningebaki peke yangu na kisasi changu kama mtu aliyesimulia kichekesho chumba kikiwa kitupu. Nilitaka ajue. Nilitaka ajue mwaka huu, na mwaka ujao, na ule unaofuata, akiwa na afya njema na hamu ya kula.

"Futa hilo neno," nikasema.

"Ta?"

"Ina mtu. Fungua karatasi ya Mutasingwa."

Akafungua. Akaona. Mkono ukamwenda mdomoni, kisha akaniangalia kwa muda ambao sikuupenda.

"Ungeniacha nitie sahihi."

"Umeshatia. Ndiyo maana nakwambia futa."

Alifuta, na ile ahadi ya senene sikuisikia tena. Haki yake.

"Tunaiokoaje?" akauliza baadaye, kwa sauti ya kazi. "Tukilifuta umbo lake tuweke jipya, alfajiri Mhunzi atatuma mikono ikamtoe vali kifuani. Tukiongeza la pili, atamwekea ya pili. Na kifaa cha mwili hakichorwi nyumbani kwa mtu."

"Kinachorwa makaburini."

Ni desturi yetu. Mtu akifa tunamzika, na kile alichokuwa amevaa mwilini, mguu au jino au sikio, kinafuliwa kipya na kuwekwa kwenye kiweko juu ya jiwe lake, ili kila apitaye ajue alibeba nini. Ndipo pekee sheria inaporuhusu.

"Mutasingwa hana kaburi hapa," akasema Kemilembe. "Watu wake wako juu."

"Mimi ninalo."

Kiweko cha Kokwijuka ndicho kitupu peke yake katika makaburi yote ya Kyamulinga. Nilikichora kichujio chake juu yake siku ya mazishi, na Mhunzi akajibu maneno yake mawili. Kalibu haipo. Miaka kumi na miwili mke wangu amelala chini ya jiwe lisilo na kitu.

Nilifungua karatasi yake. Nikaivuta vali kutoka ghalani, polepole, nikaiachia juu ya kiweko. Pembeni, hesabu ikaruka kutoka sifuri hadi moja.

Kisha nikafungua mstari wa mtunzaji. Kila kaburi lina mtunzaji, na kila mwaka lazima aje kwa miguu yake, alioshe jiwe na kutia sahihi. Asipokuja, karatasi inafungwa na vyote vilivyomo vinaondolewa. Nikalifuta jina langu. Nikaandika la Mutasingwa.

"Ta," akasema Kemilembe taratibu, "hii ni huruma au ni nini?"

"Tia sahihi kwanza. Lakini safari hii soma."

Alisoma kila mstari. Ilimchukua muda mrefu, na nilifurahi.

5

Jumamosi saa sita ghala likajifagia. Kalibu elfu nne na ushee zikaenda, lifti ya mbuzi ikiwemo, na saa saba bawaba ya pili ya mlango wa shule ilifuliwa kwa dakika kumi.

Jumapili asubuhi nilimwita Mutasingwa ghorofa ya chini, makaburini. Alikuja na suti. Vali ilikuwa tayari imekaa kwenye kiweko, nyeupe, ndogo kama gamba la konokono, inafunguka na kujifunga kwa upepo wa mashine. Nilimweleza yote bila chumvi. Alisikiliza akiwa amejishika kifua, nadhani hakujua kama amejishika.

"Kwa hiyo hii ikiondoka hapa..."

"Hesabu inarudi sifuri. Jumamosi inayofuata inafagiwa. Wewe ndiye uliyeiandika sheria hiyo, naijua kwa moyo."

"Nisipokuja mwaka mmoja?"

"Hutakuwa na mwaka wa pili."

"Nikiugua? Nikisafiri?"

"Utabebwa."

Akacheka, cheko fupi lisilo na pumzi. "Wewe ni shetani, Ta Kaijage."

"Mstaafu tu."

"Ungeweza kuniacha nife."

"Nilitaka. Neno lilishaandikwa."

Alilitazama jiwe. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulisoma jina lote. Kando yake kulikuwa na daftari la watunzaji kwenye mnyororo, na kalamu. Safu ya kwanza jina, ya pili tarehe, ya tatu *uhusiano na marehemu*. Alijaza mbili za kwanza haraka kama mtu aliyezoea fomu. Kwenye ya tatu kalamu ilisimama.

"Hapa niandike nini?"

"Ukweli. Hakuna kikombe cha kufunikia."

Mwishowe akaandika, akaziba kwa kiganja, halafu akaondoa kiganja mwenyewe. *Nilimcheka mumewe alipokuja kumwombea.*

Akanipa kalamu. "Mtunzaji anayeondoka naye anatia sahihi," akasema. "Safu zote tatu."

Alikuwa sahihi, ndivyo fomu inavyotaka. Mara kumi na mbili nimeandika kwenye safu ile neno *mume*, na halijanichukua hata sekunde. Nililiandika tena. Kisha mkono ukaendelea wenyewe, ukaandika chini yake, kwa herufi ambazo kila mtu angezisoma: *Mimi ndiye niliyefumua.*

Mutasingwa aliusoma mstari wangu mara mbili. Hakucheka. Nilimwonyesha ndoo na kitambaa vinapokaa, nikamwambia jiwe lisuguliwe mpaka chini kwenye udongo, si juu tu. Akavua koti, akapiga magoti. Nami nikaketi kwenye jiwe la jirani nikamtazama mpaka akamaliza, na palipobaki doa nilimwonyesha.